Mingiedi wa Konono: dereva wa kamio aliyeipa likembe sauti kwa vipande vya magari

BUKAVU – Kwenye meza za mafundi wa redio mjini Bukavu, kuanzia soko la Kadutu hadi mitaa ya Bagira, kazi huanza kwa kutafuta. Mmoja analeta redio iliyokufa. Mwingine anataka aundiwe ampli ndogo ya kusikilizia muziki kwa kaske za masikioni. Fundi anafungua vyombo vya zamani, anatazama kilicho ndani, kisha anaamua ni kipande gani bado kinafaa na ni kisanduku gani kitakibeba.

Nchini Congo, pengine hakuna aliyeipeleka kazi ya namna hiyo mbali kama mzee Mawangu Mingiedi wa Kinshasa, mwanzilishi wa kundi la Konono N°1. Alifariki tarehe 15 Aprili 2015 akiwa na umri wa miaka 85. Alikuwa dereva wa kamio na mpigaji likembe. Kwa sumaku zilizotolewa katika vipande vya magari, waya wa shaba, mbao na vipaza sauti vilivyobaki tangu enzi za wakoloni, aliunda sauti iliyosikika kwanza katika mitaa ya Kinshasa, na miaka mingi baadaye katika kumbi kubwa za Ulaya na Marekani.

Miaka zaidi ya 10 baada ya kifo chake, maisha yake yanastahili kusimuliwa tena, kwa sababu muziki wake ulikaribia kupotea mara mbili. Mara ya kwanza ungemezwa na kelele za mji. Mara ya pili ilikuwa katika miaka ya taabu ya Zaire, wakati kundi lake lilipotoweka machoni pa waliokuwa wakilitafuta.

Mtoto wa Wazombo

Mingiedi alizaliwa karibu mwaka 1930 katika jamii ya Wazombo, watu wa ukoo mkubwa wa Wakongo ambao ardhi yao imekatwa na mpaka wa Congo na Angola. Wakati wa kuzaliwa kwake, upande mmoja wa mpaka ulitawaliwa na Wabelgiji na upande wa pili na Wareno. Wazombo walijulikana kwa biashara na safari ndefu, na wengi wao walihamia Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa.

Muziki wa sherehe wa jamii hiyo ulipigwa zamani kwa pembe za ndovu. Katika muziki wa pembe, kila mpigaji hutoa noti chache tu, na wimbo unazaliwa pale sauti za wote zinapopishana. Ni muziki wa kurudiarudia, unaoweza kudumu saa nyingi, hadi mchezaji asahau uchovu na hata asahau mahali alipo. Mingiedi aliuhamishia muziki huo kwenye likembe.

Wasomaji wa Kivu wanakijua chombo hicho. Katika Bushi, wazee walipiga likembe kama walivyopiga lulanga, chombo cha nyuzi. Likembe ni kisanduku cha mbao kinachoshikwa kwa mikono miwili. Juu yake kuna vijiti bapa vya chuma, virefu na vifupi, vinavyopigwa kwa vidole gumba. Mara nyingi vijiti hivyo huvishwa pete ndogo za waya ili sauti itoke pamoja na mvumo wa kukwaruza.

Sauti ya likembe ni tamu, lakini ni ndogo. Ni chombo cha kutembea nacho njiani, au cha kuketi nacho jioni pamoja na watu wachache. Katika kijiji kilichotulia, sauti hiyo inatosha. Mjini haitoshi.

Mji uliojaa kelele

Léopoldville ya miaka ya 1950 ilikuwa mji wa muziki wa umeme. Mwanzoni mwa miaka hiyo, Mbelgiji Bill Alexandre alileta gitaa la umeme katika studio za mji huo. Grand Kallé na African Jazz walikuwa wakiimba rumba, na mwaka 1956 kundi la OK Jazz likazaliwa, likiwa na kijana Franco Luambo. Baa ziliweka bafle nje, mlangoni, ili kuvuta wateja. Magari, mashine na watu vilizidi kuongezeka mwaka hadi mwaka.

Kwa mpigaji likembe, tatizo lilikuwa rahisi kulieleza: hakuna aliyemsikia. Hata kama angeitwa kwenye matanga au harusi ya watu wa kwao, ngoma za kundi lake mwenyewe zingetosha kumfunika. Aliyeketi karibu angesikia kitu. Aliyesimama ng'ambo ya barabara asingesikia lolote.

Vijana wengi waliotoka vijijini na vyombo vya jadi waliviacha na kushika gitaa, chombo kilichokuwa na heshima mjini na kilicholeta pesa. Wengine walibaki na chombo chao nyumbani, kwa watu wa familia. Mingiedi alishika njia ya tatu. Alibaki na likembe, akabaki na muziki wa Wazombo, na akatafuta namna ya kuufanya ushinde kelele za barabara.

Sumaku, shaba na chuma

Kazi ya kwanza ilikuwa kugeuza mtikisiko wa kijiti cha chuma kuwa umeme. Kanuni yake ni ileile ya mikro ya gitaa la umeme. Waya mwembamba wa shaba huzungushwa mara nyingi kwenye sumaku. Chuma kikitikisika karibu na sumaku hiyo, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya, ukipanda na kushuka kwa kasi ileile ya mtikisiko. Waya unaupeleka umeme huo kwenye ampli, ampli inaukuza, na bafle inaugeuza tena kuwa sauti.

Likembe ilikuwa na sifa moja iliyorahisisha mambo: vijiti vyake tayari ni vya chuma. Chombo chenye nyuzi za utumbo wa mnyama au za mmea kisingeweza kusikika kwa njia hiyo, kwa sababu sumaku haishughuliki na utumbo wala mmea. Kwa likembe, mpigaji hakulazimika kubadilisha namna ya kupiga wala namna ya kupanga noti zake. Kilichohitajika ni kuweka mikro mahali panapofaa.

Mikro ya dukani ilikuwa ghali, na haikutengenezwa kwa ajili ya likembe. Mingiedi alitafuta sumaku mahali ambapo dereva anajua zipo, yaani ndani ya magari. Dereva wa kamio katika barabara za Congo hulazimika kuijua injini, kwa sababu gari likisimama porini ni yeye na msaidizi wake watakaolifungua. Gari linapokufa kabisa, mwili wake haulali bure. Chuma chake huyeyushwa au kufuliwa, matairi hukatwa viatu, na waya huvutwa na kuuzwa. Katika mitambo ya magari hayo yaliyokufa ndimo mlimotoka sumaku za Konono.

Kuchagua kipande cha namna hiyo kunataka sikio na subira. Sumaku dhaifu hutoa umeme mdogo mno, na ampli italazimika kukuza kelele pamoja na sauti. Mikro ikiwekwa mbali na vijiti, noti hufifia. Ikisogezwa karibu mno, chuma hugusa na kugonga. Mizunguko mingi ya waya huongeza nguvu ya umeme, lakini ikizidi, sauti nyembamba hupotea na kubaki mvumo mzito. Hakuna karatasi ya kiwandani inayomwambia mtu idadi sahihi kwa sumaku iliyotoka katika kamio. Inabidi kuzungusha, kusikiliza, kufungua na kuanza tena.

Kundi lilisimama juu ya likembe tatu za umeme: moja ya sauti nene, moja ya sauti ya kati, na moja ya sauti nyembamba. Ile nene ilishika kazi ambayo katika rumba hufanywa na gitaa la besi. Zile mbili nyingine zilipishana juu yake, kama pembe za ndovu zilivyopishana zamani katika muziki wa Wazombo.

Mbao na vipaza sauti

Fundi anayeunda ampli anajua kwamba baada ya vipande huja swali la kisanduku. Kisanduku cha chuma kilichounganishwa vizuri huzuia kelele za umeme zinazotoka nje, ule mvumo unaosikika waya za nyumba zinapopita karibu. Mbao hazizuii mvumo huo. Hata hivyo ni nyepesi, hupatikana kila mahali, na huchongwa kwa kisu.

Kwa Mingiedi, mbao zilikuwa chombo chenyewe. Kisanduku cha likembe kilibaki cha mbao, kikabeba vijiti vya chuma kama zamani, na sasa kikabeba pia sumaku na waya. Kwa waimbaji, mikro nazo zilichongwa kwa mbao na kuwekwa sumaku iliyookolewa katika vipande vya magari. Aliyezitazama kwa mara ya kwanza angeweza kudhani ni vitu vya kuchezea watoto, hadi pale muziki ulipoanza.

Mwisho wa njia ya umeme palikuwa na vipaza sauti vyenye umbo la tarumbeta. Vilikuwa vya tangu wakati wa ukoloni, na huko Kinshasa viliitwa lance-voix, yaani vyenye kurusha sauti. Vipaza sauti vya aina hiyo vilitumika kutangazia watu habari na amri.

Uchaguzi wa chombo hicho ulikuwa na maana. Tarumbeta ya namna hiyo haitoi besi nzuri, na mwenye kutafuta sauti safi ya studio hataitaka. Lakini kwa umeme mdogo hurusha sauti mbali sana, na ilitengenezwa kuvumilia jua na mvua. Mwanamuziki anayepigia nje, akiwa na ampli isiyo na nguvu nyingi, anafaidika nayo kuliko bafle kubwa ya sanduku inayokula umeme mwingi na kuishia jirani.

Ngoma zilitengenezwa kwa mtindo huohuo. Pamoja na ngoma za ngozi, wapigaji walitumia masufuria na vipande vya chuma vya magari. Waimbaji, wachezaji na filimbi vikakamilisha kundi. Yote hayo yalitoka katika mji uleule uliokuwa ukizima sauti ya likembe.

Kasoro iliyoachwa

Mfumo huo ulikuwa na kasoro moja ambayo mafundi wengi wangejitahidi kuiondoa. Ampli inapolazimishwa kupita uwezo wake, haiwezi kufuata kilele cha kila wimbi la sauti. Inakikata. Noti iliyoingia ikiwa laini hutoka ikiwa na makali, mvumo na mikwaruzo. Sumaku za magari, mikro za mbao na tarumbeta za wakoloni ziliongeza makali hayo.

Katika likembe, mvumo wa kukwaruza haukuwa mgeni. Ndiyo kazi ya zile pete za waya kwenye vijiti, ambazo wachongaji wa likembe waliziweka kwa makusudi tangu zamani. Sikio la Mzombo aliyekulia na likembe halikuhesabu mvumo huo kuwa uchafu. Ampli iliyozidiwa ilifanya kwa nguvu ya umeme kile ambacho pete zilifanya kwa nguvu ya kidole.

Kwa hiyo kasoro iliachwa, na hatimaye ikawa alama ya kundi. Noti moja ya likembe ya Konono ilitosha kumjulisha msikilizaji ni nani anapiga. Magitaa ya rumba ya Kinshasa yalikuwa yakisifiwa kwa usafi wake, na Mingiedi alikaa upande wa pili kabisa.

Katika Zaire ya Mobutu

Kundi lilianza miaka ya 1960. Jina lake kamili lilikuwa Orchestre folklorique T.P. Konono N°1 de Mingiedi. Herufi T.P. zina maana ya Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote, sifa iliyobebwa pia na OK Jazz ya Franco na timu ya mpira ya Mazembe ya Lubumbashi.

Mwaka 1971 nchi ilibadilishwa jina na kuwa Zaire, na Rais Mobutu akaeneza siasa ya kurudi kwenye asili. Majina ya Kikristo yaliachwa, suti na tai zikapisha abakosti. Muziki wa jadi ulipewa sifa katika hotuba, na vikundi vya nyimbo na ngoma vikawa sehemu ya sherehe za chama cha MPR. Hata hivyo pesa, studio na redio vilibaki zaidi kwa magwiji wa rumba. Kundi la likembe za umeme liliishi kwa kuitwa na watu wa mitaani, kwenye matanga, harusi na sherehe za familia.

Mwaka 1978, Mfaransa Bernard Treton alirekodi makundi kadhaa ya namna hiyo mjini Kinshasa, Konono likiwemo. Sauti hizo zilirushwa na redio ya France Culture nchini Ufaransa. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Ocora ilizitoa kwenye diski iliyohusu muziki wa mitaa ya Kinshasa. Msikilizaji wa Ulaya aliyezoea kuona diski za Afrika zikiwa na ngoma za kijijini au rumba ya kileo alikutana na kitu cha tatu ambacho hakuwa na jina la kukiita.

Mmoja wa waliosikia matangazo hayo alikuwa mwanamuziki Mbelgiji, Vincent Kenis. Sauti hiyo haikumtoka kichwani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikwenda Kinshasa kulitafuta kundi la Konono. Hakulipata.

Miaka ya kupotea

Kilichofuata kinakumbukwa na kila Mkongomani wa umri huo. Septemba 1991 na tena Januari 1993, wanajeshi wasiolipwa waliingia mitaani Kinshasa, na uporaji ukamaliza maduka, viwanda na maghala. Pesa ya Zaire ikaporomoka thamani. Studio na viwanda vya diski vilikufa. Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu, na Mei 1997 utawala wa Mobutu ukaanguka. Mwaka 1998 vita vya pili vikaanza, vikaigawa nchi vipande.

Kwa mwanamuziki asiye na kampuni, asiye na meneja na asiye na diski sokoni, miaka ya namna hiyo inatosha kufuta jina. Makundi mengi ya mitaani ya wakati wa Mingiedi hayakuacha hata rekodi moja. Konono lilikuwa na ile ya mwaka 1978 tu, iliyokaa mbali, kwenye rafu za Ulaya, huku Wakongomani wengi wakiwa hawajui kwamba ipo.

Kenis alirudi. Karibu mwaka 2000 hatimaye alimpata mzee Mingiedi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 70 hivi. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita tangu rekodi ile ya kwanza. Likembe zilikuwa bado za umeme, sumaku zilikuwa bado za magari, na vipaza sauti vilikuwa bado tarumbeta. Kundi lilikusanyika upya, vijana wakiwa pamoja na wazee, na mtoto wa Mingiedi, Augustin Mawangu Makuntima, akiwa miongoni mwa wapigaji likembe.

Chipukizi mwenye miaka zaidi ya 70

Mwaka 2004 ilitoka albamu ya Lubuaku, iliyorekodiwa mbele ya watu nchini Uholanzi na kutolewa na kampuni ndogo ya Terp. Mwaka huohuo kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa Congotronics, iliyotayarishwa na Kenis. Rekodi hiyo ya pili ilifanyika Kinshasa, nje, kwa kompyuta ya kubebeka. Wanamuziki hawakupelekwa studio kusafishwa sauti. Mikwaruzo yote ilibaki.

Albamu hiyo ilifungua milango. Mwaka 2006 Konono lilipewa tuzo ya muziki wa dunia ya BBC Radio 3, katika kundi la wasanii chipukizi. Chipukizi huyo alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70, mwenye kundi lililodumu kwa takriban miaka 40. Mwaka 2007 mwimbaji wa Iceland, Björk, aliwaalika katika albamu yake Volta. Mwaka huohuo ilitoka rekodi ya tamasha lao la Couleur Café la Brussels, ambayo baadaye iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Mwaka 2010 walitoa Assume Crash Position. Mwaka huo pia walishiriki katika albamu ya Mmarekani Herbie Hancock, kwenye wimbo Imagine, pamoja na Oumou Sangaré wa Mali, Jeff Beck, Pink, Seal na India.Arie. Februari 2011 wimbo huo ulishinda Grammy. Jina la kundi la Wazombo wa Kinshasa likaandikwa katika orodha ya washindi.

Waandishi wa Ulaya na Marekani walifananisha muziki wa Konono na muziki wa kompyuta wa kumbi za usiku, wengine na roki yenye makali. Wasikilizaji hawakukosea kabisa, kwa kuwa masikio yao yalisikia marudio na mikwaruzo ileile. Lakini njia ilikuwa tofauti. Wanamuziki wa kwao walifika huko kwa kununua mashine za kuchafua sauti. Mingiedi alifika kwa kutafuta namna ya kumfikia mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara.

Baadhi ya waliomsifu walizungumza zaidi juu ya takataka, kana kwamba ajabu ilikuwa kupiga muziki kwa vitu vilivyookotwa. Sifa hiyo inaficha kazi yenyewe. Kati ya vitu vingi vilivyotupwa Kinshasa, vichache tu vilifaa. Ilibidi mtu ajue sumaku ipi ina nguvu, aiweke umbali upi, na ajue kwamba tarumbeta ya kutangazia amri za wakoloni inaweza kupeleka likembe mbali kuliko bafle mpya. Na ilibidi likembe tatu zikubaliane katika noti zake kabla ya umeme kuwashwa, kwa sababu ampli haimsaidii mpigaji aliyekosea noti.

Baada ya mzee

Miaka michache kabla ya kifo cha Mingiedi, kazi ya kuongoza likembe ilikuwa imepita kwa mwanawe Augustin. Ujuzi huo ulirithiwa kwa mikono: mwana alikaa karibu na baba, akasikiliza, akapiga. Mwaka 2016 kundi lilitoa albamu pamoja na Batida, mwanamuziki mzaliwa wa Angola anayeishi Lisbon. Kwa Wazombo, ambao mpaka wa wakoloni uliwagawa kati ya Congo na Angola, kazi hiyo ilikuwa pia kukutana na ndugu wa upande wa pili. Mwaka 2017 Augustin naye alifariki.

Katika miaka miwili na nusu hivi, kundi lilimpoteza aliyeunda sauti yake na aliyeirithi. Kilichobaki ni rekodi, vyombo, na wanamuziki waliojifunza kwa wawili hao.

Kwa mafundi wa Kadutu na kwingineko Kivu Kusini, habari ya Mingiedi ina jambo la karibu zaidi. Anayeunda ampli ya kaske kwa vipande vya zamani hukutana na maswali yaleyale aliyokutana nayo yeye. Atachukua kipande gani, na kwa nini? Kisanduku kitazuia mvumo wa waya, au kitauacha uingie? Anataka sauti isikike na nani? Kaske husikiwa na mtu mmoja, hivyo ampli yake haihitaji nguvu nyingi. Inahitaji utulivu, umeme ulionyooka wa batri nzuri, na kisanduku cha chuma kinachozuia kelele. Mingiedi, aliyepigia mtaa mzima, alichagua kinyume karibu katika kila kitu, na alikuwa sahihi kwa kazi yake.

Kuna kipande kimoja kidogo ambacho fundi wa Bukavu hukiona mara nyingi akifungua simu au kompyuta iliyokufa. Ni kipande cha rangi ya njano au nyeusi, hakizidi punje ya mchele, kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi sana. Ndani yake kuna tantali, madini yanayotolewa katika koltani, ile inayochimbwa pia katika milima ya Kivu Kusini. Hutoka hapa ikiwa mchanga katika magunia, na hurudi ikiwa ndani ya vyombo vya viwanda vya mbali, vinavyouzwa kwa bei ambayo mchimbaji hawezi kuimudu.

Chombo hicho kinapokufa, kipande hubaki kizima. Fundi hukitoa taratibu kwa moto wa chuma cha kulehemu, hukipima, na kama bado kinafaa hukiweka kwenye kopo pamoja na vingine, kikisubiri ampli itakayokihitaji.